Somo la Kuanguka

Akeyo alituambia tuvue viatu,
na kabla hatujauliza muziki uko wapi
akasema: leo tutajifunza kuanguka.

Ghala la pamba, Kisumu, nyuma ya reli ya zamani.
Kwenye nyufa za saruji bado mna nyuzi nyeupe,
shati ambalo hakuna aliyelivaa.
Tulikuwa saba: Abuor muuza betri,
Nelima mshona sare za shule,
pacha wa Nyalenda wasiosemezana,
mimi, na wawili ambao Jumanne hawakurudi.

Zamani, ng'ambo, alisimulia,
wanawake walichoka kusimama kwa ncha za vidole
kama wanaochungulia ukuta wa jirani.
Wakavua viatu vya satini, wakaikanyaga ardhi,
dunia ikashangaa.
Abuor akauliza: Na sisi tulioikanyaga tangu kuzaliwa,
nani alitushangaa?
Akeyo akamtazama kitambo.
Swali hilo, alisema, liandike kwa mgongo.

Mimi ni mtoto wa Isukha.
Kwetu bega ndilo husema kwanza,
mguu hufuata, kichwa hutoa ushahidi.
Kwetu aangukaye ngomani
hubebwa, huulizwa jana alikula kwa nani.
Sasa huyu mwanamke wa magoti ya bandeji,
aliyekaa Dakar miaka mitatu akarudi na begi moja,
ananiambia niachie shingo,
niachie kiuno,
nishuke kama gunia linaloteremshwa,
si gunia linalotupwa.

Niliumia paja. Niliumia kiwiko.
Niliumia mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya mama.

Wiki ya nne alitupanga wawili wawili.
Mpe mwenzako mzigo wako,
usimsukume, usimkwepe,
mtafutane hadi pale ambapo
mmoja akiondoka, wote mko chini.
Nikamwekea Nelima paji la uso begani
na papo hapo ikanijia harufu ya nyasi zilizokanyagwa:
Khayega, Jumamosi, umande haujakauka,
Hakimu, fahali wa mjomba Lihavi,
pembe kwa pembe na fahali wa watu,
mayowe pande zote na pale katikati kimya,
wameegemeana
kama wadeni wawili wa duka moja.
Sikusema kitu. Nilicheka tu,
Nelima akadhani nalicheka jasho lake.

Siku ya onyesho baba alikuja.
Viti vya kuazima kanisani, pazia hakuna.
Baba, mpigaji wa ngoma kubwa,
vidole kama tangawizi,
alikaa mbele, kofia magotini.
Dakika ishirini na mbili.
Nyayo. Pumzi. Mabati yakialika kwa joto.
Nyuma mtu akauliza, "Hawa wanaugua?"
Mwingine akamtuliza: "Ngoja, hawajaanza."

Hakupiga makofi.
Watu walipotoka aliinama,
akapapasa saruji kwa kiganja
kama anayepima ngozi ya ngoma
iwapo imekauka.

Tulitembea kimya mpaka Kibuye.
"Babu yako," akasema, "alirudi na filimbi
kutoka vita vya Burma.
Akaipuliza katikati ya isukuti, matangani.
Walimfukuza! Ati ameleta polisi kwa maiti.
Siku hizi filimbi ikikosekana
wanasema ngoma haijaiva."

Akanunua mahindi mawili ya kuchoma, akanipa dogo.
Akatafuna safu nzima kabla ya kuendelea.

"Lakini yule msichana, mara ya tatu,
alichelewa kuanguka.
Ardhi ilikuwa imeshamwita."

Jumanne nilimfikishia Nelima maneno hayo.
Nilidhani atakasirika.
Alifikiri, mdomo umebana pini za cherehani,
akazitema moja moja kiganjani,
akavua viatu.